Kadi za mkopo zinazorejesha pesa: hukumu ya marejesho na hukumu ya mkataba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumepokea suala kutoka kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, anayeishi Uingereza na watoto wake. Anasema kwamba kwa karibu miaka miwili amekuwa akinunulia vyakula, mafuta ya gari na nguo za skuli kwa kadi ya mkopo ambayo benki humrejeshea asilimia 1 ya kila anachonunua. Kila mwezi hutumia kiasi cha pauni 600, na kila mwezi hulipa deni lote kabla ya tarehe, kwa hiyo hakuwahi kutozwa riba hata senti moja. Mwezi wa Ramadhani alimtumia mama yake pauni 300 kwa programu ya simu, na akailipia kwa kadi ile ile. Akalipa deni lote kwa tarehe kama kawaida yake, na juu ya hivyo taarifa ya benki ikaja na ada ya pauni 9 na riba ya pauni 8 na kitu. Anauliza mambo matatu: vipi ametozwa riba na yeye hakuchelewa, je, marejesho aliyokusanya, kama pauni 140, ni halali kumnunulia mama yake mnyama wa kuchinja, na je, aendelee na kadi hiyo?

Masuala ya namna hii yanatufikia mara kwa mara sasa, kutoka Uingereza, Marekani, Kanada na Ghuba. Wengi wanaouliza wameshajibiwa na marafiki zao kwa neno moja, ama "haramu" ama "haina neno", na hayo majibu mawili yote hayawatoshi, kwa sababu ndani ya kadi hii mna mambo mawili yenye hukumu mbali mbali. Kuna marejesho yenyewe, na kuna mkataba unaoyaleta. Tuanze na namna pesa zinavyotembea, kwani kuhukumu kitu ni tawi la kukifahamu.

Unapoiweka kadi ya mkopo kwenye mashine ya dukani, pesa zako hazikutoka. Benki iliyokupa kadi ndiyo inayomlipa mwenye duka, na wewe unabaki na deni kwa benki. Mwenye duka hapokei bei kamili. Hukatwa sehemu ndogo, na fungu la hiyo sehemu hurudi kwa benki iliyokupa kadi. Mwisho wa mwezi benki hukuletea hesabu na kukupa muda wa kulipa. Ukilipa yote, hakuna riba juu ya manunuzi. Ukiacha kiasi, riba huanza kuhesabiwa, na kwa kadi nyingi za Uingereza na Marekani hiyo riba hupita asilimia 20 kwa mwaka.

Marejesho, au keshibeki kama wanavyoita vijana, ni pale benki inapokupa wewe kidogo katika ilichopata. Huko Marekani jambo hili linaeleweka kwa urahisi: duka hukatwa kiasi cha asilimia 2 kwa kadi ya mkopo, na benki hukurejeshea asilimia 1, moja na nusu, hata 2. Ulaya hali ni nyengine. Tokea mwaka 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka ukomo wa fungu linalokwenda kwa benki ya mteja: asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na asilimia 0.2 kwa kadi ya kawaida. Uingereza ilipotoka katika Umoja huo iliubakisha ukomo huo kwa manunuzi ya ndani. Sasa tuhesabu pamoja. Kadi ya dada yetu inamrejeshea asilimia 1, na dukani benki haipati zaidi ya 0.3. Hiyo 0.7 iliyobaki inatoka wapi? Kama kadi haina ada ya mwaka, haitoki mbali: inatoka kwa wale wasioweza kulipa deni lote kwa wakati, na kwa matumaini ya benki kwamba siku moja na wewe utakuwa miongoni mwao. Benki si taasisi ya sadaka, na hatuilaumu kwa kutokuwa hivyo, lakini mwenye kupokea ni bora ajue kinachompa.

Tukija kwenye hukumu ya marejesho yenyewe, jambo la kwanza la kuangalia ni nani mkopeshaji na nani mkopaji. Riba ya mkopo ni manufaa anayoshurutiwa kupewa mkopeshaji. Katika kadi ya mkopo, benki ndiyo mkopeshaji na wewe ndiye mkopaji. Marejesho yanatoka kwa mkopeshaji kwenda kwa mkopaji, yaani kinyume cha njia ya riba. Zaidi ya hayo, kadi nyingi hazikupi noti mkononi, bali hupunguza deni lako, na mdai kumpunguzia mdaiwa wake ni jambo lililopendekezwa. Mtume (SAW) aliposikia sauti za Kaab bin Malik na mtu aliyekuwa akimdai zimepanda msikitini, alimuashiria Kaab aondoe nusu ya deni lake, naye akaondoa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo wanazuoni wengi wa zama hizi wanayahesabu marejesho haya kuwa ni punguzo au hiba, na sisi hatuoni dosari katika kauli hiyo. Ni kama mwenye duka la mtaani kwetu aliyekuandikia kwenye daftari mwezi mzima, na siku ya kulipa akakusamehe shilingi mia mbili za mwisho. Hakuna anayesema hiyo ni riba.

Ama kwamba benki ile ile inakula riba kwa wengine, hilo halibadilishi hukumu kuwa haramu kwa kila kinachotoka mkononi mwake. Mtume (SAW) alinunua chakula kwa Myahudi wa Madina kwa deni na akaweka rehani deraya yake, na mali za watu wale zilikuwa na mchanganyiko. Imam Nawawi ameeleza katika Majmuu kwamba kuamiliana na mtu ambaye mali yake nyingi ni ya haramu ni makruhu na si haramu, madamu hukijui kile kitu chenyewe ulichopewa kuwa ndicho cha haramu. Makruhu si neno dogo, lakini si haramu.

Cha kustaajabisha ni kwamba kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata pesa zako mwenyewe na ambayo kila mtu anaiona salama, ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi katika suala hili la marejesho. Pesa ulizoweka benki, kwa mtazamo wa fiqhi, ni mkopo uliowakopesha wao, maana wanazitumia na wanadhamini kukurejeshea. Hapo wewe ndiye mkopeshaji, na kila wanachokuongezea kwa sababu ya kuweka pesa ni manufaa ya mkopeshaji. Kwa hiyo benki ikikwambia weka pauni 1,000 tukupe 50, au marejesho yako yapande kwa kadiri ya salio lako, usichukue. Ikiwa marejesho yamefungwa na kununua tu, na hayana uhusiano na kiasi ulichoweka, wako wanazuoni walioruhusu kwa kuwa ni fungu la punguzo kutoka dukani, na wako waliojizuia. Sisi tunaona ruhusa ndiyo yenye nguvu hapa, na anayejizuia amejitakasia dini yake.

Sasa tunakuja kwenye mkataba, na hapa ndipo penye uzito. Kadi ya mkopo ya benki ya kawaida unaipata kwa kutia saini sharti lisemalo: nikichelewa, nitalipa riba. Mwenye kadi anasema, "Mimi sitochelewa, kwa hiyo sharti hilo halinihusu." Je, inajuzu kutia saini sharti la haramu ukiwa umeazimia lisitimie?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwezi wa Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108 juu ya kadi hizi. Limesema haijuzu kutoa kadi isiyo na salio wala kuamiliana nayo ikiwa imeshurutishwa ziada ya riba, hata kama mwenye kadi ana azma ya kulipa ndani ya muda wa bure. Viwango vya sharia vya AAOIFI vya Bahrain, katika kiwango namba 2 kinachohusu kadi, vimefuata njia hiyo hiyo: kadi ya mkopo yenye riba haifai, na kadi inayokata pesa zako, au ya kulipa yote mwisho wa mwezi isiyo na sharti la riba, inafaa. Hoja yao ni kwamba kuikubali riba kwa maandishi ni kosa linalojitegemea, na kwamba azma ya mtu si ngao, kwani binadamu huugua, husahau, hufukuzwa kazi.

Wengine, na wamo wanazuoni wakubwa, wameruhusu kwa mwenye haja na mwenye uhakika wa kulipa. Hoja yao kubwa ni kisa cha Barira. Mabwana zake walikataa kumuuza kwa Bibi Aisha (RA) ila kwa sharti batili, na Mtume (SAW) akamwambia amnunue na amuache huru, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba sharti lisilokuwemo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili. Wakasema: sharti limebatilika na mkataba umebaki. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Lakini tofauti tunayoiona ni hii: sharti la mabwana wa Barira lilibatilika kweli, halikuweza kutekelezwa. Sharti la benki haliwezi kubatilishwa na wewe. Siku ya siku litatekelezwa, na mahakama za nchi ile zitakuwa upande wake.

Na ushahidi wa maneno yetu ni kisa cha dada yetu mwenyewe. Alijua kwamba riba ni kwa anayechelewa, naye hakuchelewa. Alichokuwa hakukijua ni kwamba muda wa bure ni wa manunuzi tu. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuna muda wa bure hata siku moja, riba huanza siku ile ile pamoja na ada, na benki nyingi huhesabu kutuma pesa kwa programu za simu kuwa sawa na kutoa taslimu. Kwa hiyo pauni 300 alizomtumia mama yake zilianza kuzaa riba kabla mama hajazipokea. Ada na riba pamoja zilikuwa kama pauni 17, nayo marejesho yake ya mwezi ni 6. Karibu miezi mitatu ya marejesho ilikwenda kwa siku moja, kwa mtu muangalifu, katika amali ya kheri, mwezi wa Ramadhani. Hakuna uzembe hapo wa kumlaumu. Mkataba ni kurasa nyingi na umeandikwa na watu wanaojua pesa yao inatoka wapi.

Kuna mtego mwengine unaowapata zaidi ndugu zetu wa Marekani, nao ni wa kubakisha deni. Mtu ananunua kwa dola 1,000 kwa mwezi na anarejeshewa asilimia 2, yaani dola 20. Mwezi mmoja gari likaharibika, akabakisha deni la dola 1,000. Kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, deni hilo linamtoza kiasi cha dola 20 kwa mwezi, kwa hiyo marejesho yote yamekwenda. Na mara nyingi haliishii hapo, kwa sababu ukibakisha deni unapoteza muda wa bure hata kwa manunuzi mapya, na mkate ulionunua jana unaanza kutozwa riba leo. Benki itakuonesha kwa herufi kubwa "kiwango cha chini cha kulipa", labda dola 35, na mtu akakiona ni rehema.

Kwa hayo, tunachokiona ni kwamba haifai kwa Muislamu kuchukua kadi ya mkopo yenye sharti la riba kwa ajili ya marejesho. Pauni 6 kwa mwezi si haja, seuze dharura. Mtu asitie mkono wake kwenye mkataba ambao Mwenyezi Mungu (SWT) ameutangazia vita, katika aya za mwisho mwisho za Suratul Baqara, kwa thamani ya kuku mmoja.

Ama mwenye haja ya kweli hukumu yake ni nyengine. Tunajua kwamba Marekani mtu asiye na rekodi ya kukopa na kulipa hupata tabu kukodi nyumba, na kwamba baadhi ya kampuni za kukodisha magari zinadai kadi ya mkopo. Mwenye hali hiyo akafuata kauli ya walioruhusu hatumuiti mtenda haramu, lakini tunamnasihi aishike ruhusa kwa masharti yake. Kwanza atafute kadi isiyo na sharti la riba, na akiipata ya kulipa yote mwisho wa mwezi asome inasemaje juu ya kuchelewa, maana faini inayokwenda mfukoni mwa mkopeshaji kwa sababu ya kuchelewa ni riba kwa jina jengine. Asipoipata, aombe kiwango kidogo cha kukopa, kisichozidi kile alichonacho tayari katika hesabu yake. Aiagize benki ikate deni lote kila mwezi, si kiwango cha chini, na ahakikishe agizo limeshika kabla hajaitumia kadi. Asitoe pesa taslimu kwayo, asitume pesa nyumbani kwayo, wala asinunue dhahabu au sarafu za kigeni kwayo, kwani Baraza la Fiqhi limekataza hilo kwa kadi isiyo na salio. Aangalie pia ada ya kutumia kadi nje ya nchi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 3 na kumeza marejesho yote; wanaokuja Zanzibar likizo wakilipa kwa kadi hizo wanalijua hili wakisharudi. Na zawadi zinazokuja na kadi, kama bima ya maisha ya kawaida au kuingizwa katika bahati nasibu, asizipokee.

Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai mlango ni mpana zaidi. Benki ya Kiislamu ya Dubai ipo tokea 1975, na Oman nayo iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2011. Kadi zao nyingi zinajengwa juu ya ada maalumu au juu ya tawaruki, na marejesho yake hayana tatizo tulilolitaja. Hata hivyo neno "Kiislamu" juu ya kadi lisikuzuie kuuliza mambo mawili. Je, ada ni ile ile ukikopa kidogo au kingi, au inapanda pamoja na deni? Na nikichelewa, faini inakwenda kwa benki au kwa mafakiri? Ada ikipanda pamoja na deni imeshaikaribia riba. Faini ikienda kwa benki imeingia ndani yake.

Tuwarudie waliotuuliza kwa niaba yao. Dada yetu, riba uliyotozwa hukuikusudia, na Mwenyezi Mungu (SWT) hamuandikii mja alichokosea bila ya kukusudia. Wapigie simu benki uwaeleze kuwa ulikuwa hujui, uwaombe waiondoe. Mara nyengine huwa wanaondoa. Wakikataa, lipa haraka, kwani kuibakisha ni kuizidisha.

Pauni 140 za marejesho ni mali yako. Hazifanani na riba ya akaunti ya akiba, ambayo mtu huitoa kwa mafakiri ili ajitakase nayo bila kutarajia thawabu. Mnunulie mama yako mnyama, na Mwenyezi Mungu akutakabalie. Kama moyo wako umeingia shaka na ukapenda kuzitoa zote sadaka, ni khiari yako, si wajibu.

Na kadi yenyewe, kwa kuwa umetueleza kwamba hukuichukua ila kwa marejesho na kwamba unayo kadi ya kawaida inayokutosha, tunakunasihi uifunge. Ifunge kwa mpango: lipa kwanza deni lote, kisha subiri taarifa ya mwezi unaofuata, kwani riba ya siku zilizobaki huweza kujitokeza baada ya mtu kudhani amemaliza, na ukiifunga usiitazame tena inakuwa deni linalokukulia nyuma ya mgongo. Taarifa ikija na sifuri, waombe wakuandikie kwamba akaunti imefungwa. Na za mama zinazokuja, mtumie moja kwa moja kutoka katika akaunti yako ya benki. Programu nyingi zinakubali hivyo, na ada yake kwa kawaida huwa ndogo zaidi.

Wallahu aalam.